Juu ya Kutaja Majina ya Mimea kwa Picha

Siku hizi mwalimu akikuta kando ya njia ua asilolijua, hana haja ya kulichuma na kulipeleka kwa mzee wa kijiji. Hulipiga picha kwa simu yake, na kabla hajafika shuleni amekwisha kupewa jina la Kilatini, mara nyingi na jina la Kiingereza pia, pamoja na alama ya kuonyesha hakika ya mashine ni ya kadiri gani. Desturi hii imeenea upesi, nayo ina kheri nyingi ndani yake. Lakini kwa kuwa kazi yetu katika kurasa hizi ni kutafuta maana ya maneno na desturi za watu, twaona yafaa tuipime kama tunavyopima kitabu kipya: imeahidi nini, imetimiza nini, na ni nani atakayepata hasara akiisadiki kupita kiasi.

Kazi zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kwanza ni Pl@ntNet, iliyotungwa na wataalamu wa vyuo vya utafiti vya Ufaransa, ikaanza kutumika katika simu mwaka 2013. Ya pili ni iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, California. Mwaka 2017 ikaongezewa mashine ya kukisia majina kwa kutazama picha. Zote mbili zimejengwa juu ya msingi mmoja. Watu wengi hupeleka picha za mimea. Wajuzi huzitazama na kuzipa majina. Kisha kompyuta hufundishwa kwa picha hizo mpaka iweze kutwaa picha mpya, kuilinganisha na zile ilizokwisha kuziona, na kusema imefanana na zipi. Katika iNaturalist jina la aina halihesabiwi kuwa thabiti mpaka zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa majina wakubaliane. Basi nyuma ya mashine wako watu, tena wengi, na kazi yao ni kazi ya heshima.

Tuanze na sifa, maana sifa ni haki yake. Wataalamu wa zamani walitumia mmea uliokaushwa, umebanwa katika karatasi na kubandikwa kwenye ubao mwembamba. Mmea wa namna hiyo hudumu miaka mia na zaidi, na mtu aweza kulifungua ua lake na kuhesabu viungo vyake. Lakini rangi hufifia, na sura ya mmea uliposimama haipo tena. Picha yahifadhi yote mawili. Tena picha yafika mbali siku ile ile. Likiingia gugu geni katika wilaya, kama gugu karoti lililotoka Amerika ya joto, ambalo huwasha ngozi ya mkulima na kumziba pumzi, picha moja ya mwalimu wa shule ya msingi yaweza kuwaamsha wakuu wa kilimo kabla gugu halijajaza mashamba. Kwa kazi hiyo hatujui chombo kilicho bora kuliko simu.

Hata hivyo yako maneno ya kusemwa, nayo yatoka katika swali ambalo wengi hawaliulizi: kutaja jina la mmea ni nini? Sisi twaona ya kuwa ziko njia tatu za kuipa mimea majina, na kila njia yajibu swali lake.

Njia ya kwanza ni ya mtumiaji. Tazama neno letu kiazi. Kiazi kitamu, kiazi cha mviringo na kiazi kikuu ni mimea ya koo tatu mbalimbali, wala haina ujamaa wa karibu. Lakini yote mitatu huchimbwa, huchemshwa, na hushibisha. Kwa hiyo Mswahili amezipa jina moja na kuzitenga kwa sifa. Vivyo hivyo mlenda. Wanawake wa Dodoma huita mlenda mimea kadha wa kadha, mingine ya jenasi ya Corchorus, mingine ya ukoo wa ufuta, kwa sababu yote huteleza katika chungu. Mtu akisema kwamba wanawake hao wamechanganya mimea, hakusikia walichokuwa wakisema. Walikuwa wakitaja mboga.

Njia ya pili ni ya mtaalamu. Hiyo iliwekwa katika utaratibu na Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753, ambamo kila mmea ulipewa majina mawili, la jenasi na la aina. Mtaalamu hatazami chungu. Hutazama ua na tunda, na siku hizi hata chembe za urithi, ili ajue mmea huu ni ndugu wa mmea gani. Kwa njia yake kiazi cha mviringo, nyanya, bilinganya, pilipili, tumbaku na mnanaha vyote ni wa ukoo mmoja. Mpishi atashangaa kuona mnanaha, ambao mbegu zake huleta wazimu na kifo, umeketi pamoja na nyanya. Lakini mtaalamu hakuulizwa juu ya chakula.

Njia ya tatu ni ya mfano, yaani kukiita kitu kipya kwa kitu cha zamani kinachofanana nacho. Watu wa Unguja walipoiona parachichi waliiita embe mafuta, ingawa si embe. Hilo gugu karoti nalo si karoti. Majani tu ndiyo yanayofanana. Wazungu wamefanya vivyo hivyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliona katika milima ya Usambara ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya, likimea juu ya miamba yenye kivuli. Alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno lile la pili maana yake ni lenye maua kama ya urujuani, na hata leo Waingereza hulisema kwa jina la urujuani wa Afrika. Lakini si urujuani, wala si wa ukoo wake. Macho yaliona mfano, na ulimi ukafuata macho.

Sasa, mashine ya picha yafuata njia gani katika hizi tatu? Yatoa jina la njia ya pili, la Kilatini, lenye heshima ya mtaalamu. Lakini imelipata kwa njia ya tatu, kwa mfano wa sura. Wala haijui lolote la njia ya kwanza. Hapo ndipo penye shida yote. Msomaji aonapo Kilatini hudhani mmea umechunguzwa. Haukuchunguzwa; umefananishwa.

Mapadre watakumbuka habari ya Elisha huko Gilgali, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Wakati wa njaa mtu mmoja alitoka kwenda kondeni kutafuta mboga, akaona mmea wa mwitu utambaao, akachuma matunda yake tele na kuyakatia sufuriani, naye hakuyajua. Waliokula walitambua kwa ulimi kile ambacho macho hayakukitambua, wakapiga kelele kwamba mna mauti ndani yake. Mtu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na macho mazuri na njaa ya kweli. Kosa lake ni kwamba aliridhika na mfano.

Mifano ya kwetu haiko mbali. Mwarobaini, ulioletwa kutoka Bara Hindi, una jamaa yake aitwaye Melia azedarach, ambao nao hupandwa kwa kivuli katika viwanja vya nyumba na shule. Vijani vya miti hii miwili vina meno pembeni, navyo vyafanana sana. Mtu akipiga picha ya kijani kimoja au viwili kwa karibu, hata mjuzi atasita. Lakini ukilishika jani zima, tofauti i wazi: jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vikapangana pande mbili za kikonyo, la Melia limegawanyika mara mbili, pengine tatu. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mwenzake ni ya zambarau hafifu. Na matunda ya Melia yana sumu. Yule anayetafuta dawa ya mwarobaini kwa picha ya kijani kimoja anacheza na mambo ambayo bibi yake asingecheza nayo.

Tena yako mambo ambayo hayapigiki picha kabisa. Mrehani hutambulikana kwa harufu kabla ya kuonekana. Mnyaa, tuupandao kuwa ua wa boma, hutoa utomvu mweupe unaochoma macho; picha yaonyesha vijiti vya kijani tu. Ladha, harufu, utomvu, ugumu wa mti, sauti ya tunda kavu likitikiswa: mchungaji wa mbuzi hutumia hayo yote, na mashine haina hata moja.

Jambo la pili ni kwamba mashine haiwezi kutaja jina ambalo haikufundishwa. Mwaka 2012 kazi kubwa ya kuandika mimea ya Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na visiwa, ilikamilika baada ya vitabu vyake kutolewa tangu mwaka 1952. Mimea iliyoandikwa humo ni aina 12,104. Miongoni mwake iko mingi isiyomea ila katika mlima mmoja au msitu mmoja, nayo ina picha chache mno. Bali picha zilizowekwa katika hazina hizi nyingi zaidi zimetoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mmea wa Usambara usiojulikana na mashine ukipigwa picha, mashine hutafuta ulio karibu nao kwa sura katika ile inayoijua, na mara nyingi huutaja huo. Mzee wa kijiji, akiletewa mmea asioujua, husema, "Huu siujui." Mashine nayo huonyesha alama ndogo ya hakika, lakini jina hulitaja juu kabisa kwa herufi kubwa, na mtu mwenye haraka husoma jina na kuacha alama.

Hata lile jina la Kilatini lenyewe si mwamba. Ua la Usambara tulilolitaja limeondolewa katika jenasi yake mwaka 2015, likaingizwa katika Streptocarpus, baada ya chembe za urithi kuonyesha ujamaa wake. Kwa hiyo vitabu viwili vyaweza kulitaja kwa majina mawili na vyote viwe vya kweli kwa wakati wake. Hatusemi haya ili kuwacheka wataalamu. Hiyo ndiyo elimu, husahihishwa. Twasema tu ya kuwa anayedhani jina la Kilatini limemaliza mambo hajui bado lilianza wapi.

Jambo la tatu ndilo kubwa, maana lahusu uhai. Jina, hata likiwa sahihi, halisemi mmea utumiwe namna gani. Chukua mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu na Wajaluo osuga, mboga iliyolelea watoto wengi. Mtu akiupiga picha aweza kupewa jina la Solanum nigrum, ambao ni mmea wa Ulaya na Asia. Kisha akisoma maelezo ya Kizungu atakuta maonyo ya sumu, na pengine atawakataza wanafunzi wake mboga ya mama zao. Kumbe mnavu wetu ni aina kadhaa zinazokaribiana. Solanum scabrum ina majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokaribia weusi. Solanum villosum ina matunda ya manjano mpaka mekundu. Picha ya jani peke yake haitoshi kuzitenga. Wanawake wanaoipika wajua ipi ni chungu, na majani ya umri gani yachumwe. Wajua pia kuwa matunda mabichi hayaliwi. Elimu hiyo haimo katika jina lolote la Kilatini, wala haikupata kuwamo.

Na muhogo? Hapa picha yashindwa kabisa. Muhogo mtamu na muhogo mchungu ni aina moja, Manihot esculenta, na mashine itataja jina hilo kwa hakika kubwa, nayo itakuwa imesema kweli. Lakini mmoja waliwa mbichi shambani, na mwingine una sumu ya kutosha kumdhuru mtu asipoumenya, kuuloweka au kuuvundika, na kuuanika siku zinazotakiwa. Wayaka wa Kongo wana jina la ugonjwa utokanao na sumu hiyo pale inapoliwa majuma mengi bila chakula kingine cha kujenga mwili: konzo, yaani miguu iliyofungwa, kwa kuwa miguu hupooza ghafula wala haiponi. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipatwa, wengi wao wanawake na watoto. Wale hawakukosa jina la mmea wao. Waliujua vizuri, na walijua siku ngapi zahitajika. Lakini njaa iliwanyima siku hizo. Kama elimu kamili ya wenyeji yaweza kushindwa na njaa, je, jina tupu lililotolewa na simu litamkinga nani?

Sasa tuje kwa lugha, ambayo ni kazi yetu hasa. Waliotutangulia waliliona jambo hili vema. Padre Charles Sacleux, aliyekaa miaka mingi Unguja na Bagamoyo, alikusanya mimea kwa mikono yake, hata jenasi moja ikaitwa Sacleuxia kwa heshima yake. Na katika kamusi yake ya Kiswahili, iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939, majina mengi ya mimea yamefuatana na majina ya kitaalamu. Bwana P. J. Greenway wa Amani naye alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na toleo lake la pili ni la mwaka 1940. Sifa ya kazi hizo ni kwamba waandishi walilifuata jina mpaka kwenye mmea, na mmea mpaka kwenye jina. Hawakuokota moja wakaacha la pili.

Hazina za picha za leo nazo zina mlango ulio wazi: katika iNaturalist mtu yeyote aliyejiandikisha aweza kuongeza jina la mmea katika lugha yake. Twafurahi kwa hilo, na twaogopa. Twafurahi, kwa kuwa majina mengi ya vijijini hayajaandikwa popote, na wanaoyajua wanazeeka. Twaogopa, kwa kuwa jina likiandikwa mahali pasipo pake litanakiliwa upesi kuliko lilivyopata kunakiliwa kosa lolote la mchapaji. Mtu akiandika mnavu juu ya Solanum nigrum ya Ulaya, bila kutaja mahali wala aina, amewafunga pamoja mboga yetu na mmea mwingine, na kijana atakayesoma miaka ishirini ijayo atadhani babu zake ndio waliokosea.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya kwa ndugu walimu wanaotaka kuwafundisha watoto kwa picha, nasi hatuwazuii.

Kwanza, picha moja haitoshi. Upigwe mmea mzima mahali uliposimama. Jani zima, juu na chini. Ua kwa mbele na kwa ubavu. Tunda kama lipo. Na gamba la shina kama ni mti.

Pili, yaandikwe yale ambayo picha haiyashiki: kimo, harufu, utomvu na rangi yake, aina ya udongo, na tarehe.

Tatu, jina la wenyeji liulizwe kwa watu watatu, kila mmoja peke yake, nalo liandikwe kama lilivyotamkwa, pamoja na lugha na kijiji. Wakitofautiana, yaandikwe yote matatu. Tena wasiulizwe jina tu, bali na matumizi: waliwa? wapikwaje? ni nani asiyeruhusiwa kuula?

Nne, mahali penye shaka yenye uzito, kama mmea umedhuru mtu au mnyama, tawi lenye maua na matunda likaushwe na kupelekwa kwa wataalamu, kama wale wa hazina ya mimea mikavu iliyoko katika makumbusho ya Nairobi, au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyekula mmea asioujua apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya mmea wenyewe, wala pasipotezwe saa moja kwa kupiga picha.

Tano, asile mtu, wala asinywe dawa, wala asimpe mtoto, kwa ushahidi wa simu peke yake.

Yumkini wengine watasema tumekuwa wakali kwa chombo kisicho na hatia. Lakini hatukukishitaki chombo. Tumewasemesha wale wanaokishika, na hasa sisi tuliosoma shuleni, ambao ni wepesi kuliamini neno lililoandikwa kwa lugha ya mbali kuliko neno la mama anayechuma mboga nyuma ya nyumba. Mtoto anayerudi nyumbani na jina la Kilatini amepata kitu chema, na amsomee bibi yake jina hilo. Kisha amwulize yeye huuitaje, na akiupika humwaga maji ya kwanza au huyaacha. Na majibu yote mawili ayaandike katika daftari lake kando ya picha.